Gesti ya bei nafuu Mji Mkongwe, Unguja, tukiwa na mama mwenye magoti: tuulize nini kabla ya kulipa?

Mwanamvomero

Habari za leo wadau. Mwishoni mwa Julai tunavuka kwenda Unguja watu watatu: mimi, mke wangu na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ila anatembea mwenyewe kwa fimbo. Tutalala usiku tatu Mji Mkongwe kisha tunarudi Dar. Tunatafuta nyumba ndogo ya wageni ndani ya mji wenyewe, kwa sababu mama anataka kuona Forodhani, soko la Darajani na kanisa la Mkunazini bila kupanda gari kila mara. Vyumba viwili, au kimoja chenye vitanda vitatu.

Nimepiga simu nyumba tatu. Zote majibu ni yale yale: "choo ndani, maji ya moto, chai ya asubuhi imo kwenye bei, karibu na kila kitu." Kwa majibu hayo siwezi kujua ipi nzuri. Naomba mnaozijua nyumba hizi mniambie maswali gani hasa yanatenganisha nyumba nzuri na mbaya, mtaa gani unafaa, na tukishuka na boti ya jioni tutafikaje mlangoni. Na je, kwa mama, chumba cha chini ndilo jibu?

Kiponda_Juu

Karibuni Unguja, ndugu yangu, na mama yetu karibu sana.

Hilo la "karibu na kila kitu" lifute kichwani. Kutoka bandarini Malindi hadi Vuga, mwisho wa pili wa mji, mtu mzima hatembei zaidi ya nusu saa, kwa hiyo kila nyumba iko karibu na kila kitu. Kinachotofautisha nyumba moja na nyingine ni gari linaishia wapi. Sehemu kubwa ya katikati, yaani Kiponda, Hurumzi, Kajificheni, Sokomuhogo, ni vichochoro ambavyo gari haliingii. Kinachopita ni mtu, baiskeli, vespa na mkokoteni. Gari linafika Malindi upande wa bandari, Barabara ya Kenyatta kule Shangani, Vuga, na pembezoni mwa Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wengi bado wanaiita Creek Road, inayopita mbele ya soko la Darajani. Mkunazini nako gari linaingia mpaka karibu na kanisa la Anglikana, lile lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila nyumba liwe hili: "Teksi inatuacha wapi, na kutoka hapo mpaka mlangoni ni mita ngapi?" Ukijibiwa "si mbali", omba alama mbili za njiani. Mtu anayeijua nyumba yake atakwambia "mnashukia kanisa la Minara Miwili, mnafuata kichochoro cha kushoto, mlango wa nne". Ramani ya simu usiitegemee humo ndani. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, na simu huweza kukuonyesha uko kichochoro cha pili kumbe uko cha kwanza. Mwambie mwenye nyumba amtume mtu awapokee mahali panapojulikana na kila mtu: Bustani ya Forodhani, mbele ya Darajani, au Minara Miwili.

Bandarini mtakutana na mapapasi, yaani vijana wanaowasubiri wageni. Wengi wao wanabeba mizigo na njia wanazijua vizuri, na kumlipa mtu kwa kubeba begi ni jambo la heri. Tatizo ni yule anayekwambia "nyumba hiyo imejaa" au "imefungwa, twende kwingine". Huko kwingine analipwa kamisheni, na kamisheni hiyo inaingia kwenye bei ya chumba chako. Usibishane naye. Piga simu kwenye nyumba yenu palepale, msikie wote wawili. Bei ya kubeba mzigo mkubaliane kabla begi halijatoka mkononi mwako.

Na boti ya jioni, kama mnaweza kuibadilisha, ibadilisheni. Mwishoni mwa Julai jua linazama kati ya saa 12 na saa 1, na ile boti ya mwisho inawafikisha bandarini giza likikaribia. Vichochoro vina mitaro iliyofunikwa kwa vibao vya zege na vizingiti vya mabaraza vilivyotokeza njiani. Mchana mama anaviona, usiku umeme ukikatika havioni.

FundiChokaa

Nitajibu upande wa jengo lenyewe, kwa sababu karibu kila kero ya gesti za Mji Mkongwe chanzo chake ni jengo. Mwenye nyumba anaweza kuwa mwema na kazi akaiweza, jengo likamshinda.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi. Sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya asili vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu tu, hata kama urefu ni mita saba. Kwa hiyo ukiambiwa "chumba cha vitanda vitatu", uliza vitanda vimepangwaje. Vikipangwa mstari kwa urefu wa chumba, mtu wa kitanda cha ndani anapita pembeni ya wenzake kwenda chooni usiku kwenye nafasi ya nusu mita. Kwa mwenye fimbo hiyo ni hatari. Mama awe kitanda cha karibu na choo, na taa yenye swichi anayoifikia akiwa amelala.

Choo cha ndani. Hapo zamani hakikuwepo, kimeongezwa baadaye kwa kukata kona ya chumba. Huwezi kutoboa ovyo sakafu ya boriti upitishe bomba la maji taka, kwa hiyo mafundi hulaza bomba juu ya sakafu ya zamani na kuinua sakafu ya choo. Matokeo yake ni kidato cha sentimita 15 hadi 30 mlangoni mwa choo, mara nyingi chenye vigae vinavyoteleza. Swali: "Kuna kidato cha kuingia chooni? Kirefu kiasi gani? Kuna kitu cha kushika?" Hili watu hawaliulizi, nalo ndilo linalowaangusha wazee.

Mkiingia mkakuta choo kina harufu, kabla ya kuhama chumba mwageni lita mbili za maji kwenye tundu la sakafuni. Chini ya tundu kuna kona ya bomba inayotakiwa kubaki na maji ili kuzuia hewa ya shimo. Chumba kikikaa siku kadhaa bila mgeni, maji hayo hukauka. Harufu ikirudi baada ya saa chache hali ya kuwa mmemwaga maji, basi kona hiyo haikuwekwa kabisa. Hameni.

Maji ya moto. Gesti nyingi zinatumia ile hita ndogo ya umeme iliyo kwenye bomba la kuogea. Hita hii haiwaki mpaka maji yaje kwa msukumo wa kutosha. Tenki liko juu ya paa. Chumba cha ghorofa ya juu kiko mita moja au mbili tu chini ya tenki, msukumo ni mdogo, hita haiwaki, au inawaka na kuzima. Chumba cha chini zaidi msukumo ni mzuri. Ndiyo maana nyumba moja inasifiwa na mgeni mmoja na kulalamikiwa na mwingine, na wote wanasema kweli. Omba wakufungulie bomba mkiwa kwenye video.

Na tenki lenyewe. Maji ya bomba hayaji saa zote, kwa hiyo ujazo wa tenki ndio maji yenu. Hesabu lita 60 kwa mtu kwa siku, kuoga na choo. Vyumba 8 vyenye watu wawili wawili ni lita 960, yaani tenki la lita 1,000 linaisha kwa siku moja. Uliza lita ngapi, vyumba vingapi, na kama kuna pampu, pampu inaendeshwa na nini umeme ukikatika. Maji ya kunywa nunueni ya chupa. Ya bomba mengine yana chumvi kidogo.

Chumba cha chini mimi kwa kawaida sikipendekezi. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Maji yanapanda, yanakauka, chumvi inabaki ukutani na kuivimbisha rangi. Mahali palipopigwa plasta ya saruji badala ya chokaa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu saruji inazuia ukuta usipumue, unyevu unapanda juu zaidi, na mwisho plasta inaachia. Mwenye pumu au kifua atalala vibaya. Kwenye video sema: "Sogeza kitanda, nionyeshe ukuta wa nyuma, mita moja kutoka sakafuni." Rangi iliyopasuka au iliyofanya malengelenge hapo ndiyo jibu. Chumba cha juu kabisa chini ya mabati nacho ni tanuri wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi; Julai kuna kusi, afadhali. Nafasi nzuri ya kulala katika nyumba hizi ni ghorofa ya kwanza.

BintiVuga

Nakubaliana na Fundi kuhusu unyevu, ila mtu wa magoti haambiwi "ghorofa ya kwanza" ikaishia hapo. Ghorofa moja ya jengo la zamani si sawa na ghorofa moja ya nyumba ya kisasa. Dari ni refu. Chumba cha mita nne kwenda juu, na kidato cha sentimita 20, ni vidato 20 kufika ghorofa ya kwanza tu, mara nyingi bila kituo cha kupumzikia na bila mkono wa kushika. Usiulize ghorofa ya ngapi. Uliza vidato vingapi, kuna kituo katikati, na mkono wa kushika uko upande gani. Lifti sahau kwa nyumba za bei hii. Na kubadilisha jengo ndani ya Mji Mkongwe kunahitaji kibali cha Mamlaka ya mji, kwani mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Chumba cha chini kinaweza kufaa kama dirisha linatazama ua wa ndani wenye jua na hewa. Kisichofaa ni cha chini chenye dirisha la kichochoroni: utafunga kwa sababu ya kelele na wapita njia, na ukifunga, unyevu unabaki humo.

Sasa jambo ambalo wote mmelisahau: chai ya asubuhi. Nyumba nyingi ndogo zinaandaa mezani juu ya paa, kwa sababu kuna upepo na bahari inaonekana. Ni pazuri, lakini ni ghorofa ya tatu au ya nne. Mtapata chumba cha vidato 20 kisha mama anatakiwa kupanda 40 zaidi kwa ajili ya chapati na chai ya rangi. Ulizeni mapema kama wanaweza kuileta chumbani au ukumbini. Wengi watakubali bila malipo ikiwa wameambiwa usiku uliotangulia.

Kelele: ulizeni mambo mawili, jenereta iko wapi na kipaza sauti cha msikiti wa karibu kinaelekea wapi. Adhana ya alfajiri mwezi wa Julai huja baada ya saa 11. Mji huu ni wa watu wanaoswali, hilo ni la kuheshimiwa, lakini aliye chumba cha upande wa ua huisikia kwa upole na wa mkabala na kipaza sauti huamka nayo. Jenereta ni tofauti, likiwa chini ya dirisha mtakosa usingizi na kuvuta moshi.

Bei. Julai ni msimu wa wageni, nyumba nzuri zinajaa mapema. Tajeni tangu simu ya kwanza kwamba ninyi ni Watanzania na muulize bei ya mkazi. Inayoonekana mtandaoni mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Muulize kama ni kwa chumba au kwa kichwa, na kama kodi zote zimo, ikiwemo ile ya miundombinu inayotozwa kwa mtu kwa usiku. Ikitajwa kwa dola, mkubaliane kabisa ni shilingi ngapi, iandikwe kwenye ujumbe. Advansi isizidi usiku mmoja, ilipwe kwenye namba ya biashara, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lilingane na jina la nyumba. Likitokea jina la mtu msiyemjua, simamisheni malipo, ombeni maelezo.

Bebeni vitambulisho vya taifa vyote vitatu, boti itavitaka na kitabu cha wageni pia. Nakala ya cheti cha ndoa nayo iwemo. Baadhi ya nyumba hapa hukiomba kwa mume na mke.

Mwanamvomero

Asanteni sana, dada na kaka zangu. Nimepiga simu upya na maswali yenu, na safari hii watu wamejibu tofauti kabisa. Nyumba moja imekata simu nilipoomba video. Zimebaki mbili.

Ya kwanza ni ya Malindi. Chumba cha chini, vitanda vitatu mstari, teksi inafika mlangoni. Dirisha linatazama kichochoro. Tenki lita 2,000, vyumba 9. Kidato cha choo kama sentimita 25. Nyuma ya kitanda rangi imefanya malengelenge mpaka usawa wa kiuno.

Ya pili ni ya Mkunazini. Vyumba viwili ghorofa ya kwanza, vidato 19, kituo kipo baada ya kidato cha 10, mkono wa kushika uko upande wa kulia wakati wa kupanda. Madirisha yanatazama ua. Tenki lita 1,000, vyumba 6. Choo hakina kidato, ila kizingiti kidogo cha vigae. Teksi inatuacha kama mita 120. Chai wataleta ukumbini ghorofa hiyohiyo. Imezidi ya Malindi kwa shilingi 20,000 kwa usiku, kwa vyumba vyote viwili. Mama anashika fimbo mkono wa kushoto, goti baya zaidi ni la kulia.

FundiChokaa

Mkunazini, bila kusita. Malengelenge mpaka kiunoni maana yake unyevu umepanda karibu mita nzima, na dirisha la kichochoro halitaukausha. Halafu kidato cha sentimita 25 cha chooni atakipanda na kukishuka usiku, akiwa na usingizi, mara mbili tatu. Vidato 19 atavipanda mchana akiwa macho na mtu yuko nyuma yake.

Maji: vyumba 6, watu 12, lita 720 kwa siku. Tenki la 1,000 linatosha siku moja na zaidi kidogo. Kila jioni jazeni ndoo moja iwekwe chooni.

Ngazi: kupanda atangulize mguu wa kushoto, wenye nafuu, kisha wa kulia na fimbo. Kushuka ni kinyume, fimbo na mguu wa kulia vinatangulia. Mkono wa kushika ukiwa kulia wakati wa kupanda na fimbo iko kushoto, hapo amepata pande zote mbili. Wakati wa kushuka mkono huo utakuwa kushoto kwake. Ahamishie fimbo kulia, au umbebee fimbo ashike ukuta kwa mkono mwingine. Ombeni kiti kimoja kiwekwe kwenye kituo.

Mkifika, kabla ya kufungua mabegi: fungua bomba la moto dakika mbili, washa feni, jaribu komeo la ndani, na angalia dirisha. Madirisha mengi yana nondo na ngazi ni moja tu, kwa hiyo ufunguo ubaki mlangoni kwa ndani usiku. Mabegi yakae sentimita 10 mbali na ukuta, la sivyo nguo zitapata chumvi na ukungu. Kiyoyozi kama kipo, nyuzi 25 zinatosha. Mkikishusha hadi 18 ukuta utatoa jasho. Chandarua kikaguliwe matundu. Malaria Unguja imepungua sana, haijaisha.

BintiVuga

Nami nachagua Mkunazini. Ile 20,000 mtaiokoa kwenye teksi, kwa sababu kanisa liko palepale na Darajani ni dakika chache kwa mwendo wa mama. Forodhani ndiyo mbali kidogo; jioni nendeni kwa teksi, mrudi kwa teksi, na mkubaliane bei ya pweza na mishkaki kabla haijawekwa jikoni. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko upande wa Vuga, si mbali na hapo mlipo, ni vizuri kuijua.

Kiponda_Juu

Kuhusu boti: Julai upepo wa kusi unavuma na bahari hupata mawimbi, hasa kuanzia mchana. Ya asubuhi kwa kawaida ina utulivu zaidi. Mkae chini, katikati kuelekea nyuma, mbele ndiko boti inakorushwa zaidi. Dawa ya kichefuchefu mama anywe mapema kabla ya kuondoka, na mfamasia aambiwe kwanza dawa nyingine anazotumia. Mtafika chumba kikiwa hakijawa tayari; waulizeni leo kama mabegi yatapokelewa na kama mama anaweza kukaa ukumbini.

Watumie ujumbe huu, wakujibu kwa maandishi: "Tunafika tarehe fulani kwa boti ya asubuhi, watu watatu, vyumba viwili ghorofa ya kwanza upande wa ua, usiku tatu, shilingi kadhaa kwa jumla na kodi zote zimo. Chai iletwe ukumbini. Kiti kiwekwe kwenye kituo cha ngazi. Tunaomba mtu atupokee pale teksi inapoishia, na namba yake ya simu." Siku moja kabla ya safari mpigie huyo wa kuwapokea, umsikie sauti yake.